Vipimo vya Jioni

...siku kumi na mbili, zote zimeandikwa jioni, na kidole changu kimekwama hapo hapo kwenye jedwali, hakiendi mbele wala hakirudi nyuma, huku Mzee Edmund, mhariri wa jarida letu, amesimama mlangoni ananiambia Isakwisa, weka sahihi yako hapo chini, watu wa mashine ya kuchapa wanangoja, na Mwalimu Bartholomeo Kalinga, ambaye jina lake ndilo limekaa juu ya makala hii, ameketi kwenye kiti cha wageni anapuliza chai, anasimulia mvua ilivyoikata barabara kule Chimala, anacheka, ana kicheko kizuri mtu huyu, ndicho kilichoniponza... nasema ndiyo Mzee, imebaki mistari michache, na ni uongo, hakuna mstari uliobaki, prufu, nakala hii ya kusahihisha kabla ya kuchapwa, nimeisoma mara mbili, na maneno haya niliyasoma mwaka juzi kwenye daftari la shule, kwa mwandiko wa mkono, wala hayakuwa ya Kalinga, yalikuwa ya Asukile, mwalimu wa watoto wadogo kule Ubaruku, ambaye kwa miaka mitatu alipima maji ya mfereji wa mpunga kila siku asubuhi, kwa mti mmoja wenye alama za kisu, yeye akiwa darasani anapima mkewe, Tupokigwe, na hizi siku kumi na mbili za jioni ni za Tupokigwe, nazijua kama ninavyojua nyumba yetu, maana baba yake Asukile alikuja kutoka Tukuyu kumtembelea mwanawe, na mzee yule kila asubuhi alikuwa anakwenda kunawa mferejini, sasa kwetu Wanyakyusa mke hakutani na baba mkwe, akimwona njiani anaingia majanini, atapimaje maji mbele yake, ikabidi asubiri jioni mzee akiwa ndani, na Asukile aliyaandika yote hayo bila aibu, mtu mkweli, akaeleza kwa nini vipimo vya siku hizo visilinganishwe na vingine... Kalinga ameyafuta, ameweka nini, ameweka ukungu, kwa sababu ya ukungu wa asubuhi, ukungu, Ubaruku, mwezi wa kumi, jua la kukaanga mtu, huo ni ukungu wa kwao huku Iringa, hajalala kule hata siku moja.

"Mwanangu, unatafuta nini humo?" anauliza Kalinga. "Mimi mwenyewe nimeipitia, haina kosa."

Nasema naona, Mwalimu, naona, na shingo inanichoma, mwanangu, ananiita mwanangu kwa sababu ndiye aliyeniombea kazi hii, na mwaka juzi aliniita hivyo hivyo aliposema nipe hilo daftari, mwanangu, Kiswahili cha huyu kijana kina mawe, nikamnyooshee, na mimi nikafungua saraka ya meza, mimi, ninayejua kwamba mswada hautoki humu kabla wasomaji wetu watatu hawajausoma, nikampa, akakaa nao wiki tatu, akarudi akasema bado sana huyu, mwandikie ajaribu mwakani, nami nikaandika bila hata kumwuliza Mzee Edmund, makala yako haijafikia kiwango, kwa mkono wangu huu, na Asukile akajibu, Mungu wangu, akajibu kwa kushukuru, akasema ataendelea kupima... na sasa mwenye makala hii atapelekwa ng'ambo kusomea mambo ya maji, mtu mmoja tu, na huyo mtu anakunywa chai hapa, na yule yuko na mti wake mferejini akidhani hafai. Naona uchungu. Naona na hofu, nisijidanganye, mke wangu Esta ana mimba ya miezi saba na nyumba tunayolala ni ya kazi, ningeweza kusema herufi zimepinda, zipangwe upya, nipate wiki, halafu nini, au nimwandikie Mzee Edmund barua isiyo na jina, kama mwizi, au niweke sahihi na kumwombea Asukile Jumapili, nimemwombea miaka miwili, sala zangu hazijampimia mtu maji hata siku moja...

"Isakwisa," anasema Mzee Edmund.

Nasema nimesikia, Mzee, na nimesikia kweli, kwa sababu najua Kalinga atafanya nini, nikisema tu jina la Asukile ataweka kikombe chini taratibu na kusema, lakini daftari alinipa nani, na barua aliandika nani, na hapo nitakuwa mgomvi tu mwenye wivu, hiyo ndiyo kamba aliyonifunga nayo na nimeikalia miaka miwili kama mjinga, kumbe inashika kwa sababu mimi ndiye ninayeificha... kalamu bado ninayo mkononi, Mzee bado yuko mlangoni, chai bado inatoa mvuke, Kalinga amerudi kwenye barabara yake ya Chimala, na aimalize, sina haraka tena, nitamngoja anyamaze, maana sitaanza na lake, nitaanza na langu, Mzee Edmund, mimi nilitoa mswada nje ya ofisi yako, nikaandika barua kwa jina lako bila wewe kujua, na mwenye kazi hii anaishi Ubaruku.