Harufu ya Chumba cha Chini

Kila Jumamosi familia ya mchora mabango ilisafiri bila pasipoti. Kitinda mimba alifumba macho, akazungusha tufe la dunia lililobonyea upande mmoja, na kidole chake kilipotua, huko ndiko walikokwenda. Walishafika Meksiko wakaunguza chapati za mahindi. Walishafika Japani wakakunja ndege wa karatasi waliofanana na viatu. Mama alipika, watoto walikata na kugundisha, na baba mtu aliandika jina la nchi kwenye kadibodi. Hapo ndipo maringo yake yalipokuwa. Herufi zake zilikuwa na vivuli na mikia, na hata orodha ya sokoni hakuweza kuiandika vibaya.

Jumamosi hii kidole kilitua kwenye nchi ndogo. Kifungua mimba, binti wa miaka kumi, aliisoma akaruka.

"Si kwao Mama Cherehani huko? Yule fundi wa chumba cha chini! Baba, tukamwite!"

Baba mtu alidakia upesi. "Tusimsumbue. Mtu ana kazi zake."

"Kila siku tunabahatisha, leo tumempata mwenyewe unataka tumwache?" mkewe alisema. Watoto walishakuwa ngazini.

Alichokiogopa ni hiki. Miezi mitatu nyuma, siku waliyokuwa Italia, harufu ya samaki mkavu ilipanda kutoka chini ikaingia mpaka kwenye sosi yao ya nyanya. Baba alikasirika. Angeweza kushuka, akagonga mlango, akasema kiungwana. Wapi! Mwanamume mzima alikaa akamwandikia mwenye nyumba barua: huyo mgeni anapika vitu vinavyonuka, anatuharibia hewa, aambiwe aache. Na kwa kuwa hakuwa na ubavu wa kutia jina lake, alimalizia hivi: "Ni sisi, wapangaji sote." Akaisukuma chini ya mlango wa mwenye nyumba, akarudi kula tambi. Mkewe hakujua. Harufu ilikoma, na tangu hapo kila alipokutana na yule mama ngazini alijitia anatafuta funguo.

Mama Cherehani alikuja na sufuria, kifurushi cha samaki na nyuzi za rangi. Lakini alisimama mlangoni, haingii.

"Mna hakika?" aliuliza. "Harufu yake kali hii. Majirani hawaipendi, mwenye nyumba aliniletea barua yao. Miezi mitatu sijapika."

"Majirani gani hao?" Mkewe alihamaki. "Kuna watu hawana hata haya! Baba watoto, unasikia?"

"Nasikia," alisema, akainamia kadibodi yake. Masikio yalikuwa yakimwaka moto.

Sufuria ikabandikwa. Mgeni akawaketisha watoto, akawaonyesha namna ya kusuka nyuzi tatu ziwe bangili, huku akiwacheka kwa mafundo yao. Halafu akasema taratibu, "Unajua, mama, nilidhani na nyie mmo. Barua ilisema wapangaji sote. Nikawa najiuliza, hata hawa watoto wanaonisalimia kila asubuhi?"

Baba alitamani ardhi ipasuke. Alijaribu kuandika lile jina la nchi ovyo ovyo, kama mtu asiyejua kalamu, lakini mkono uligoma. Mkia ukatoka, kivuli kikatoka. Kabla hajaichana, kitinda mimba aliipokonya kadibodi akampelekea mgeni.

Mama Cherehani aliitazama. Akapitisha kidole kwenye mkia wa herufi ya mwisho, polepole.

"Nani kaandika?"

"Baba!" Kifungua mimba alijibu kwa fahari. "Mabango yote ya mtaa huu ni yake."

Mgeni aliinua macho akamtazama baba mtu. Alimtazama mara moja tu, ikatosha. Kisha akaiegemeza kadibodi ukutani, vizuri, isianguke.

"Ana mkono mzuri," alisema. "Haya, chakula tayari. Leteni sahani."

Angemtukana, baba angepata la kubishia. Badala yake alimpakulia yeye wa kwanza, akamwekea kipande kikubwa kuliko vyote. Chakula kilikuwa kitamu. Alimeza tonge la kwanza, na aibu ilimjaa hata akasahau kuogopa.

"Ile barua," alisema, "niliandika mimi."

Mkewe aliweka kijiko chini. Binti akamkodolea macho.

"Lakini ilisema wapangaji sote."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo na mimi nilisema?"

Binti hakungoja jibu. Alimgeukia mgeni, machozi yakimlengalenga. "Mama, mimi sikusema. Haki ya Mungu sikusema."

"Hata mimi," alisema kitinda mimba, mdomo umejaa, ingawa hakuwa ameelewa lolote.

Mkewe aliinuka, akabeba kiti chake na sahani yake, akaenda kukaa karibu na mgeni. "Wala mimi," alisema.

Upande wa pili wa meza walibaki "wapangaji sote": mtu mmoja, na sahani aliyopakuliwa wa kwanza.