Kumnyoosha Mama Mkwe Bila Kumwona

Mwambire alikuwa na nyumba nzuri ya vyumba vitatu nyuma ya mashine yake ya kusaga unga pale Magarini, lakini kiangazi kile hakuweza kuingia ndani kwa mlango kama binadamu wengine. Aliingilia dirishani. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye kitambi cha kuheshimika, na dirisha lenyewe halikujengwa kwa kumfikiria yeye.

Sababu ilikuwa mama mkwe wake. Bi Kahonzi, mjane wa kijiji cha Adu, alianguka shambani akipalilia mihogo, na alipookotwa upande wake wote wa kulia ulikuwa umezima. Kiharusi. Hospitali ilipomruhusu, mkewe Mwambire, Pola, akasema mama hawezi kurudi Adu kwenye nyumba isiyo na mtu. Akamtandikia kitanda sebuleni. Kutoka kitandani hapo ujia wa mlango wa nyuma ulionekana wote, na sebule yenyewe ndiyo iliyokuwa njia ya kwendea kila mahali: chumbani, jikoni na kwenye kiti cha Mwambire.

Sasa, kwa watu wa nyumba ile, mtu na mama mkwe wake hawatazamani, hawashikani mikono, hawali pamoja, wala hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja hujitia kichakani mpaka mwenziwe apite. Wako waliolegeza siku hizi, hata wengine hupiga picha wamekumbatiana harusini. Kahonzi hakuwa mmoja wao. Pola alipomsihi kwamba ugonjwa hauna mkwe, mama yake alijibu kwa ule mdomo uliopinda kidogo:

"Nimepooza mkono, mwanangu. Adabu sikupooza."

Mwambire, aliyekuwa akisikiliza kutoka nje, alishukuru. Yeye mwenyewe angekufa kwa haya kabla ya kiharusi kumuua mtu.

Taabu ni kwamba Pola alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Malindi, akiondoka alfajiri na kurudi jua likizama. Na Nyaboke, yule binti wa mazoezi ya viungo kule kliniki, alikuwa amesema bila kupepesa macho: mkono uinuliwe na kushushwa kila siku, asubuhi na mchana, la sivyo utaganda. Na mguu vilevile.

"Nyumbani je?" Kahonzi aliuliza. "Nitarudi lini?"

"Siku utakayoingia humu kwa miguu yako, bibi. Kabla ya hapo, Adu usahau."

Kahonzi akafumba macho. Hakuwa na nia ya kuzeekea sebuleni kwa mkwewe. Mwambire naye, tangu siku aliyokwama dirishani, nusu ndani nusu nje, akavutwa miguu na wateja wawili waliokuja na mahindi yao, hakuwa na dua nyingine asubuhi na jioni ila mama mkwe atembee.

Basi akatafakari, na akili yake ya mashine ikamletea jawabu. Alipitisha kamba juu ya boriti ya sebuleni. Ncha moja Pola aliifungia leso ya mama iliyokunjwa kitanzi, ya kuvaliwa kifundoni mwa mkono. Ncha ya pili ikatoka dirishani, na huko nje Mwambire akaketi juu ya mtungi uliogeuzwa, mgongo ukitazama nyumba, akivuta kama mtu achotaye maji kisimani. Akivuta, mkono wa mama mkwe unapanda. Akilegeza, unashuka. Hakuna aliyemwona mwenziwe.

Kuzungumza pia hawakuzungumza. Waliongea na ukuta.

"Ukuta," Kahonzi alianza siku ya kwanza, "mwambie huyo anayevuta kwamba hiki ni kiungo cha mtu, si ng'ombe aliyetumbukia."

"Ukuta, mwambie mama kwamba nimesikia."

"Na umwambie avute kwa mpango. Sasa hivi amevuta kwa kasi nikajipiga kofi."

"Ukuta, omba radhi kwa niaba yangu."

Siku zikaenda. Majirani walizoea kumwona Mwambire akivuta kamba na kuomba radhi kwa matofali. Mkono ukaanza kulainika. Vidole viwili vikaamka, kisha cha tatu.

Ndipo likatokea lile la Japheth. Japheth alikuwa kijana wa bodaboda aliyeleta gunia la mahindi, akaiegesha pikipiki yake ukutani karibu na dirisha. Mara ndani ya kibanda mashine ikakwama kwa mlio wa kutisha. Mwambire, kamba mkononi, mkono wa mama mkwe ukiwa juu, hakutaka kuuangusha kwa ghafla. Akaifunga ncha kwenye kitu kilichokuwa karibu, akakimbilia mashine. Kitu kilichokuwa karibu kilikuwa keria ya pikipiki.

Japheth alichukua unga wake uliokuwa umekwisha kusagwa, akaaga vizuri, akaondoka.

Mungu ni mwema: dakika ileile Kahonzi alikuwa amekitoa kitanzi apate kujikuna pua. Alichoona ni leso yake ikiruka juu ya boriti kama kunguru na kupotelea dirishani.

"Simama!" Mwambire alitoka mbio, mweupe kwa unga tangu nywele hadi kandambili. "Japheth, simama! Unamburuta mama mkwe wangu!"

Soko zima likageuka.

"Yuko wapi?" Japheth akapaza sauti.

"Nyuma yako!"

Japheth akatazama nyuma. Aliona leso ya maua mekundu ikimfuata hewani bila mtu ndani, na nyuma ya leso kiumbe cheupe kikipiga kelele. Badala ya kusimama akaongeza mafuta. Leso ilikuja kunasa kwenye mti wa mwarobaini nje ya bucha, kamba ikakatika, na Japheth hakuonekana tena Magarini hadi Ijumaa.

Mwambire asingeweza kuishika leso ya mama mkwe kwa mkono. Aliiopoa kwa fimbo, akaibeba mbele yake sokoni kote kama mtu aliyeua nyoka, watoto wakimsindikiza.

"Ukuta," sauti ilimpokea dirishani, "mwambie huyo kwamba mkono wangu haukuomba kwenda Ngomeni kwa bodaboda."

Jioni Pola aliposikia, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafikiria kama kitanzi kingekuwa kifundoni, na kicheko kikamkauka. "Mume wangu, kamba basi," alisema. "Nitamfanyisha mwenyewe usiku na mapema."

Lakini Pola alirudi amechoka, na alfajiri alikuwa na haraka. Siku ya kliniki ikakaribia. Alasiri moja Mwambire, akipita nyuma ya nyumba, alisikia mtu akivuta kamasi taratibu, namna ya mtu asiyetaka kusikika. Alisimama hapo asijue la kufanya. Kumwita asingeweza. Kuingia ndio kabisa. Mwishowe alikohoa.

"Ukuta," alisema, "yule kuku mweusi wa Adu ameangua. Nimeletewa habari. Vifaranga ni wengi, na mmoja ana kishungi."

"Ukuta, muulize nani anawalisha."

"Jirani, mama."

"Mwambie kwamba jirani huyo ni mvivu. Mwewe atawamaliza." Sauti ilikuwa imepata nguvu. "Ningekuwa na mguu mimi!"

Tangu siku ile Kahonzi alianza siri yake. Nyumba ikishatulia, alishika ukingo wa kitanda akasimama. Kesho yake alishika kitanda kisha ukuta. Nia yake, ikiwa lazima tuseme kweli, haikuwa Adu peke yake. Daktari alikuwa amemkataza chumvi, Pola akamtii daktari kama askari, na mchuzi wa nyumba ile ulikuwa na ladha ya maji ya kuoshea masufuria. Chumvi ilikuwa jikoni, mwisho wa ujia mwembamba.

Siku mbili kabla ya kliniki, mkanda wa mashine ulikatika. Wa akiba ulikuwa chumbani, na dirisha Mwambire alikuwa ameapa kutoliingilia tena Pola asipokuwepo wa kumsukuma. Akawaza: mama atakuwa amelala saa hii. Na kama hakulala, basi mimi ndiye nisimwone. Akachukua gunia tupu la unga, akajivika kichwani hadi kiunoni, akaingia kwa mlango wa nyuma akipapasa.

Katikati ya ujia alisikia pumzi ya mtu.

Kahonzi alikuwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja na pakiti ya chumvi kwa mwingine, ule wa kulia, uliokuwa haushiki kitu. Alitazama nyuma akaona jitu jeupe lisilo na kichwa.

"Mama wee! Nimefuatwa!"

"Si mimi!" jitu likajibu kwa woga, na likakohoa.

Kikohozi kile Kahonzi alikijua. Jini angemstahimili. Lakini mkwe, ana kwa ana, kwenye ujia wa upana wa mkeka, yeye kichwa wazi! Hakukumbuka mguu wala kiharusi. Aligeuka, akajifunika uso kwa pakiti ya chumvi, akaondoka. Mwambire naye aligeuka upesi akajigonga kwenye mlango wa choo, akaanguka chali. Na hapo chini, ndani ya gunia, akasikia. Nyayo zilikwenda hadi sebuleni, na miguu yote miwili ilikanyaga. Hakuna uliokokotwa.

"Mama!" alipiga kelele, akasahau kabisa kuupitia ukuta. "Mama, umetembea!"

Sebuleni Kahonzi alikaa kitandani kwa kishindo.

"Usiniambie mimi," Kahonzi alijibu akihema. "Mwambie ukuta." Lakini sauti ilikuwa inatetemeka, na haikuwa kwa hasira.

Kliniki aliingia kwa miguu yake, Pola akimshika kiwiko kwa ajili ya heshima tu. Nyaboke aliweka kalamu chini.

"Nani amemfanyisha mazoezi haya?"

Pola alieleza yote, kuanzia kamba mpaka gunia. Nyaboke alijitahidi kuwa mtaalamu, lakini hadithi ilipofika kwa Japheth aliweka paji la uso mezani, mabega yakitikisika. Baadaye alijifuta macho.

"Bibi, Adu unaweza kwenda. Ila tatizo moja. Ukifika kule hutatembea. Utakaa na kuku wako na mguu utarudi kulala. Zoezi la kumkimbia mkwe ndilo lililokufaa. Lisikatizwe."

Kahonzi alifikiri, midomo imebana. Aliitazama dari, akalitazama dirisha, mwisho akautazama ukuta wa kliniki, uliopakwa rangi ya kijani.

"Wewe," aliuambia, "mwambie huyo mwanamume wa Pola aje Adu kila Jumamosi. Asiingie ndani. Asimame tu uani."

Na hivyo ndivyo inavyokwenda hadi leo. Jumamosi Mwambire hufunga mashine, husafiri vumbi lote lile hadi Adu, na kusimama upande mmoja wa nyumba. Kahonzi hutoka upande wa pili. Yeye akisogea hatua, mama mkwe husogea hatua, na nyumba wanaizunguka hivyo, mara kwa mwendo wa pole, mara mbio kidogo Mwambire akikosea njia. Juzi wazee waliopita waliuliza wanatafuta nini.

"Mwulizeni aliye huko nyuma," Kahonzi aliwajibu bila kusimama. "Na mwambieni wali wa nazi umewiva, uko kwenye kigoda mbele ya mlango. Lakini angoje kwanza. Nina raundi moja bado."