Fundo la Kumi na Moja

Ndoo ilishuka kisimani, ikabaki kuning'inia hewani bila kugusa maji. Bibi wa Kisima, kama mtaa mzima ulivyomwita, akaivuta juu polepole, akaunga kipande kingine cha kamba, akakaza fundo kwa meno. La kumi na moja. Alipokabidhiwa kazi hii ya kuwagawia majirani maji, kamba haikuwa na fundo hata moja.

"Mama, leo tena ndoo mbili?" mkwewe aliuliza, mtoto mchanga mgongoni.

"Mbili kila nyumba. Tukikiacha kipumzike, kesho kitatupa tena. Chukua na yangu moja, una nepi za kufua."

Saa nne alifika mkaguzi wa maji. Alimwamkia vizuri, akamsaidia hata kutua ndoo. Bibi akampenda. Akamnyooshea kamba yote chini na kumwonyesha fundo moja moja.

"Saba haya ni ya miaka thelathini, baba. Manne haya ni ya tangu kiwanda cha maji ya chupa kichimbe kisima chake hapo ng'ambo. Miaka miwili tu. Andika hivyo hivyo."

Mkaguzi akapima kamba, akaandika.

"Kiwanda kina kibali, bibi. Kina mita pia. Nyinyi mna nini?"

"Tuna hiyo kamba."

"Basi kamba imesema. Maji yameshuka hapa, na hapa mnaochota ni nyinyi. Tunakifunga kisima kipumzike."

"Kipumzike vipi?" mkwe akadakia. "Pampu yao ile inalala saa ngapi? Mtoto wangu halali kwa kelele zake!"

"Dada, mimi nimetumwa tu."

Akatia kufuli kwenye kifuniko. Kamba akaiviringisha kwa uangalifu, asifungue hata fundo moja, akaiweka kwenye mfuko wake. Ni ushahidi, alisema.

Mikono ya Bibi ilikuwa bado imekunjika, kana kwamba inavuta.

Alasiri alivuka barabara na ndoo tupu. Ndani ya uzio wa kiwanda mpira wa maji ulikuwa ukimwagilia bustani. Maji yalifurika mpaka langoni, na mlinzi alikuwa akiyafagia kuelekea mtaroni. Alipomwona akasimamisha ufagio, akampisha kwa adabu.

"Pita huku pakavu, bibi yangu," alisema. "Usije ukalowa miguu."