Asilimia Thelathini na Nane

Vita vilikuwa na mwaka mzima katika mji wa Baraka, na shule haikuwa na hata dirisha moja lililo salama, lakini siku ya proklamasio ni siku ya proklamasio: matokeo lazima yasomwe mbele ya wazazi. Akina mama walifika na vitenge vyao vya kanisani, kila mmoja na kopo la puda, poda nyeupe ya kummwagia mtoto wake kichwani akitajwa kuwa amefaulu. Walikuwa wakitaniana, eti nani ataondoka mweupe na nani ataondoka vilevile alivyokuja. Wenye bunduki nao walifika, watano, na kamanda wao akapewa kiti cha mbele.

Mwalimu Godelieve alijua walichofuata. Juzi kamanda alimwambia waziwazi, bila haya: mtu wake wa fonia, ile redio ya kupashana habari na vikosi vya mlimani, amekufa, na sasa anataka mtoto anayesoma na kuandika Kifaransa bila kubabaika. "Huyo wa kwanza wa darasa la sita, tutaondoka naye." Basi! Kama mtu anayechagua kuku sokoni.

Wa kwanza alikuwa Émilienne, miaka kumi na miwili, asilimia themanini na saba. Godelieve akaandika orodha upya. Juu aliweka majina ya watoto watatu waliokwisha kuvuka ziwa na wazazi wao kwenda Kigoma. Wenye bunduki wawafuate huko, kama wanaweza. Émilienne akamtupa mkiani. Hakumwambia mtu, hata mama yake mtoto, maana mama yule akifurahi mtaa mzima unajua, na akiogopa mtaa mzima unajua.

Akaanza kusoma. Jina la kwanza, kimya. La pili, la tatu, kimya. Kamanda akawa anajikuna shingo. Godelieve aliendelea, watoto wengine wakaitwa, puda ikamwagwa, vigelegele vikapigwa, na yeye moyoni anaomba, Mungu wangu, nisaidie nimalize tu.

"Wa mwisho, Émilienne. Asilimia thelathini na nane. Ameanguka."

Mama Émilienne alificha kopo chini ya kitenge, akainamisha uso. Aibu ile ilimchoma Godelieve mwenyewe, asiweze kumtazama. Vumilia, mama, hadi hawa waondoke, alijisemea. Nitakuja kwako, nitapiga magoti.

Lakini mtoto yule, jamani! Miaka miwili Godelieve alimfundisha kusimama wima na kujibu kwa sauti, asimwogope mtu akijua kwamba ana haki. Akasimama.

"Mwalimu, umekosea."

"Kaa chini."

"Mi siwezi kuanguka, Mwalimu. Uniulize. Uniulize kitu chochote!"

"Émilienne, nimesema kaa chini!"

Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka, na ikatetemeka. Kamanda akageuka, akamtazama mwalimu kwa muda mrefu. Kisha akatoa mfukoni barua ya Kifaransa yenye mihuri.

"Kuya hapa, mutoto. Soma hii."

Alisoma yote, toka juu hadi kwenye sahihi. Hakukwama hata neno moja, na penye nukta alipumua kama alivyofundishwa. Watu wakapiga makofi. Wangefanya nini? Hawakujua kamanda anatafuta nini. Mama yake alipiga kuliko wote, huku analia kwa furaha. "Si nilisema! Mutoto wangu iko na akili!"

Kamanda alikunja barua yake, akamshika Émilienne begani. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililomtia Godelieve baridi.

"Ni huyu," aliwaambia vijana wake.

Makofi yakafifia. Mama akauliza, "Banamupeleka wapi?"

Émilienne alikuwa bado anamtazama mwalimu wake, amenuna. "Sasa, Mwalimu, utasoma vizuri?"

Hapakuwa tena na cha kuficha. Godelieve aliinua ile karatasi, ingawa hakuona hata herufi moja.

"Wa kwanza," alisema, "Émilienne. Asilimia themanini na saba."

Mtoto akatabasamu, akawafuata.