Kadi ya Mgeni

Mimi ndiye yule nesi wa dirisha la damu ambaye watu humwita Mama Sheria, na jina lenyewe sikulichukia. Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye kile chumba chenye vitanda viwili, mzani na friji linalounguruma, nimeona ujanja wa kila aina. Kanuni ya hospitali ni fupi: mgonjwa wa upasuaji akihitaji damu, ndugu zake wachangie kwanza. Nimewakatalia watu wenye vyeo vyao na nikalala usingizi mzuri.

Ila Jumapili nageuka malaika. Kanisani kwetu mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya mapokezi. Nasimama mlangoni na beji kifuani, natabasamu mpaka mashavu yananiuma, nagawa kadi za wageni wajaze, nawatafutia viti. Sikuwahi kujiuliza kama hao wanawake wawili ndani yangu, wa dirishani na wa mlangoni, wanafahamiana.

Jumamosi moja, nimebakiza nusu saa nifunge, akaja dirishani mwanamke mwembamba na fomu ya daktari. Mume wake, kibarua wa ujenzi, alikuwa ameanguka kutoka ghorofa ya pili na mfupa wa paja umevunjika vipande vipande. Daktari wa mifupa, ambaye huja kwetu Jumatatu moja tu kila mwezi, na ya mwezi huu ilikuwa keshokutwa, alitaka chupa tatu za damu kabla hajashika kisu. Chini kabisa wameandika kwa kalamu nyekundu: mguu ukingoja mwezi ujao, utakatwa.

"Ndugu zake wako wapi?" nikauliza.

"Hakuna." Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, neno moja moja. "Kwetu, vita. Hapa, mimi na yeye."

"Na wewe mwenyewe?"

Akashika tumbo. Kwa macho yangu, miezi sita. Huyo hatolewi damu hata akipiga magoti.

Mtu mwenye moyo angevuta kiti akafikiri. Mimi nikatazama saa. "Mama, chupa tatu ni watu watatu. Nenda katafute watu."

"Watu wapi?"

"Popote walipo. Mji umejaa watu."

Hakuondoka mara moja. Alibaki akitazama ukuta nyuma yangu, nilipotundika kalenda ya kanisa letu, ile yenye picha ya waumini wote tumejipanga kwenye ngazi na jina la kanisa limeandikwa chini. Nikadhani anatafuta tarehe. Nikamshushia pazia.

Kesho yake ibada ilikuwa imefika kwenye matangazo, nami nimeshakaa zangu safu ya mbele, mlango wa nyuma ukafunguliwa. Nikageuka na tabasamu langu la kazi. Likaniganda usoni. Ni yeye, anakuja moja kwa moja katikati ya viti, fomu mkononi, viatu vina vumbi la barabara nzima.

Mchungaji wetu ni mzee mpole, hashtuki ovyo. Akampa kipaza sauti.

"Natafuta watu," akasema. "Mume wangu, kesho, kisu. Damu, chupa tatu. Damu hakuna, mguu hakuna."

"Nani amekuelekeza kwetu, binti yangu?"

Akazungusha macho, akaninyooshea kidole. "Huyu mama. Alisema, nenda katafute watu. Nyuma yake kuna picha, watu wengi. Nikauliza njia, nikaja."

Kanisa likalipuka kwa makofi. Wananipigia mimi. Mke wa mchungaji akanikumbatia akisema Mungu anibariki, nimemleta mtu nyumbani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Na ningeweza kunyamaza. Nasema kweli, nilinyamaza kidogo, nikaonja utamu wake. Halafu nikamwangalia yule mwanamke. Hakuwa ananisuta. Aliamini kabisa kwamba nilimtuma, na alikuwa ananishukuru kwa macho.

Nikasimama. "Msinipigie makofi. Jana nilimfukuza. Nilisema maneno hayo ili aniondokee dirishani nifunge niende zangu. Miaka yote hii navaa beji kuwangoja wageni, na mgeni mwenyewe alikuja jana, siku sijaivaa." Nikatoa funguo mkobani, nikaziinua. "Funguo za chumba cha damu ninazo hapa. Ibada ikiisha nafungua, na wa kwanza kulala kitandani ni mimi."

Hilo la mwisho lilinitoka tu. Nimedunga maelfu ya watu, lakini sindano ya kwangu mwenyewe naiogopa kama mtoto. Miaka kumi na tisa sijawahi kutoa hata tone.

Mchungaji akakunja karatasi za mahubiri yake. "Kwa nini tungoje iishe?" akasema. "Mahubiri ya leo yako hospitali." Akashuka madhabahuni, akatangulia.

Hospitali ni mitaa miwili tu. Tulikwenda kwa miguu, kwaya na majoho yao wakiimba, watu wanachungulia madirishani wakidhani kuna harusi. Dada wa maabara aliyekuwa zamu alinicheka mpaka akakaa chini. "Leo Mama Sheria umepatikana," akasema, akanidunga. Nilifumba macho, nikauma mtandio, na nilipofumbua chupa yangu ilikuwa imejaa.

Nikaingia kazini mara moja. Fundi cherehani wa kwaya akaninyooshea fomu. "Hapa wanauliza uhusiano na mgonjwa. Niandike nini?"

"Andika ndugu."

"Simjui hata sura."

"Nimekuuliza sura? Andika ndugu."

Akaandika. Wa nyuma yake akaandika vilevile, na wa nyuma yake. Chupa tatu zilitimia kabla hata waimbaji wa sauti ya kwanza hawajamalizika, lakini hakuna aliyeondoka kwenye foleni. Mwimba besi, jitu la futi sita, alizimia kwa kuona pamba tu, alipozinduka akarudi kupanga mstari. Tulimaliza na chupa thelathini na nne, na wiki ile hakuna mgonjwa niliyemuuliza ndugu zake wako wapi.

Jumatatu daktari alitoka chumba cha upasuaji saa saba mchana, akavua barakoa. "Mguu upo," akasema. Mke wa mgonjwa akacheka. Mimi ndiye niliyelia.

Ilipita miezi minne. Niko mlangoni na beji yangu, nikawaona wanapanda ngazi, mume kwa magongo, mke na mtoto kifuani. Kwa mazoea nikawapa kadi. Mke akaisoma, akanirudishia.

"Hii ni ya wageni, mama," akasema kwa Kiswahili kilichonyooka. "Mpe mgeni."

Wakanipita wakaingia. Mume aliegemeza magongo ukutani, akatembea mpaka kwenye kiti chake kwa miguu yake miwili, na kanisa zima likasimama. Safari hii na mimi nilipiga makofi, mpaka beji ikaanguka.