Mazishi ya Buti la Kulia

Buti la kulia la dada yangu Kasyoka lilifariki Alhamisi, mvua ikinyesha, mbele ya lango la watu wa Lavington ambao hawakujua kwamba pale nje kuna msiba. Halikuwa limetimiza hata miezi miwili. Liliugua kwa muda, likatiwa gundi, likafungwa waya, likapakwa rangi kwa imani, lakini siku yake ilikuwa imefika. Soli ilibanduka kutoka kidoleni mpaka kisiginoni, na dada yangu akamfungulia tajiri lango huku soksi yake ikinywa maji ya barabarani.

Naandika haya kwa heshima zote. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, wa bweni, mpenda amani. Naibu wa mwalimu mkuu wetu anaweza kusema vingine, hasa kuhusu ibada niliyoiongoza katika bwalo la chakula kuwaaga wadudu waliopoteza maisha ndani ya maharagwe yetu, lakini hapa hatujamwita kutoa ushahidi.

Likizo hiyo ya Aprili nilikuwa kwa Kasyoka, katika chumba chake kimoja kule Uthiru. Alikuwa askari wa kampuni ya ulinzi yenye ofisi katikati ya jiji. Kazi hiyo ndiyo iliyonilipia karo, ikamlisha yeye, na ikanilisha mimi, jambo ambalo si dogo. Kwa hiyo alipoingia jioni ile na buti ndani ya mfuko wa plastiki, akaketi kitandani bila kuvua koti, nilijua mambo ni mabaya.

"Gichuru ameniona," akasema.

Gichuru alikuwa msimamizi wao. Hakuwahi kuwa mwanajeshi hata siku moja, lakini alitembea kama mtu anayengoja kupigiwa saluti, na wote walimwita afande. Ndiye aliyewagawia mabuti hayo: mapya, meusi, marefu kupita kifundo cha mguu, na mshono mweupe wa kupendeza ukiizunguka soli. Siku hiyo alisimama mbele yao akatangaza, "Haya ni mabuti ya kijeshi. Yatawazika nyinyi nyote."

"Amesemaje?" nikauliza.

"Eti natembea vibaya. Eti miguu yangu ni ya shamba, haijazoea buti. Jumamosi kwa gwaride nikionekana tena na buti limeachama, nirudishe yunifomu niende nyumbani."

"Si uvae yale yako ya zamani?"

"Amekataa. Ni ya kampuni ama hakuna."

Nikaliomba buti, nikachukua kisu cha jikoni, nikatandaza gazeti mezani. Uchunguzi wa maiti lazima ufanywe mahali safi.

"Mbaluka, usiharibu."

"Sista, huyu hawezi kuharibika zaidi."

Nilianza na ule mshono mweupe. Niliushika uzi kwa vidole viwili nikauvuta, na wote ukatoka kwa mzunguko mmoja, kama uzi wa gunia la sukari. Hakuna kitu kilichoachana, kwa sababu hakuna kitu ulichokuwa umeshika. Uliingia kwenye mpira ukatokea kwenye mpira uleule. Ngozi haikuguswa. Kati ya ngozi na soli kulikuwa na gundi tu, na hata hiyo ngozi, ukiikwaruza, ilikuwa kitambaa kilichopakwa utando mweusi. Kisigino kilikuwa na uwazi ndani kama mandazi. Nikaitoa soli ya ndani. Ilikuwa kipande cha katoni, na juu yake bado ulionekana mchoro wa mwavuli, ile alama inayowaambia wapakuzi kwamba mzigo huu usinyeshewe.

Nikalitoa buti la zamani chini ya kitanda, lile alilolinunua katika soko la mitumba la Gikomba kabla sijaingia sekondari. Hapo sindano ilikuwa imepita: ngozi, ngozi tena, ukanda wa pembeni, soli. Niliingiza kisu kwenye ukingo, nacho kikakataa kwenda.

Kasyoka aliutazama ule mwavuli kwa muda mrefu.

"Kumbe si miguu yangu," akasema polepole. Kisha akakunja uso. "Na nikimwonyesha? Atasema tumelikata kwa kisu."

"Usimwonyeshe. Tulizike. Si alisema yatawazika? Tuyatangulie."

"Ukithubutu kukanyaga pale kazini, Mbaluka, utarudi shule bila sabuni, bila sukari, bila chochote. Umenisikia?"

Niliahidi. Niliahidi vile wanafunzi wa bweni huahidi.

Jumamosi asubuhi alivaa mabuti yake ya zamani, yote mawili, akayafunga kamba kwa nguvu. "Kama ni kufukuzwa," akasema, "nifukuzwe miguu ikiwa mikavu." Akatoka. Nami nikatoka nyuma yake, kwa umbali wa heshima, nikiwa na boksi la viatu nililolifunika kwa shati langu jeupe la shule.

Ua wa kampuni ulikuwa nyuma ya maduka ya vipuri, karibu na Barabara ya Kirinyaga. Langoni alikuwepo Tobias, mlinzi mzee kuliko wenzake wote.

"We kijana, unaenda wapi?"

"Nimeleta mwili, mzee."

Akafunua shati. Akalitazama buti, akautazama uzi uliokuwa umelazwa kando yake, akaona ule mwavuli. Halafu akaitazama miguu yake mwenyewe. Akanifungulia lango.

Gichuru alikuwa akikagua safu ya kwanza, na alikuwa amefika kwa dada yangu.

"Hizi ni nini umevaa?"

"Mabuti, afande."

"Ya nani?"

"Yangu."

Hapo ndipo nilipoingia, mwendo wa pole, kichwa chini, boksi mikononi. Nilijiepusha na macho ya Kasyoka. Nikaliweka boksi juu ya pipa katikati ya ua, nikakohoa.

"Wapendwa waombolezaji," nikaanza.

"Huyu ni nani?" Gichuru akafoka.

"Ni pasta, afande," sauti ikajibu kutoka nyuma.

"Marehemu alizaliwa mahali pasipojulikana, na wazazi wasiopenda kujulikana. Maishani mwake aliogopa maji. Ameacha pacha wake, buti la kushoto, ambaye naye anapumua kwa shida. Alituahidi kwamba atatuzika, lakini alikuwa na haraka kuliko sisi. Sasa tutautazama mwili, tukianzia safu ya mbele, bila kusukumana."

Kwetu, ukisema mwili utazamwe, watu hupanga foleni. Miguu hutii kabla kichwa hakijafikiri. Safu ya mbele ikaanza kusogea, kofia mkononi.

"Rudini laini!" Gichuru akapiga kelele. "Huyu mtoto amelikata kwa kisu!"

"Ni kweli, afande. Daktari hukata. Lakini huo mwavuli sikuuchora mimi."

Mama mmoja aitwaye Ndeti alisimama mbele ya boksi, akaangalia, kisha akainama. Akaushika uzi wa buti lake mwenyewe, akavuta. Ukatoka wote, mwepesi, mpaka mwisho.

"Afande," akasema, "si uliniambia ni uzito wangu?"

"Mimi uliniambia navaa soksi za baridi," akasema kijana mmoja.

"Mimi eti nimezoea sandals!"

Tobias akaja kutoka langoni, akainua mguu wake juu ya tofali. Buti lilikuwa limefungwa kwa seloteipu nyeusi ya mafundi wa stima, na juu yake amepaka rangi kwa ustadi hadi ikang'aa. "Na mimi uliniambia ni uzee, kijana yangu."

Walitazamana miguu. Kumbe kila mmoja alikuwa na waya wake, gundi yake, seloteipu yake aliyoificha chini ya rangi, na kila mmoja alikuwa ameambiwa pembeni kwamba kosa ni lake peke yake. Wakaanza kucheka, na kile kicheko hakikuwa kizuri kwa mtu aliyesimama upande wa pili.

Gichuru alipanda kwenye ngazi ya lori la kuwapeleka kazini. Akaanza kuwaita kwa zamu, majina na malindo yao: Westlands, Kilimani, Lavington. Akamaliza. Jina la Kasyoka halikutajwa.

Lori lilikuwa likinguruma. Hakuna aliyepanda.

"Mmelala? Pandeni!"

"Kuna jina umesahau, afande," Ndeti akasema.

"Huyo amevunja sheria ya mavazi. Arudishe yunifomu."

Kasyoka akatoka kwenye safu. Nilidhani analia, lakini uso wake ulikuwa mkavu kama miguu yake.

"Yunifomu ni yako, afande, ukiitaka navua koti hapa hapa. Mabuti ni yangu. Mimi nikilinda lango nasimama, mvua ama jua, na haya husimama na mimi. Yako yalilala."

Simu ya Gichuru ikalia. Akaitazama, akaikata. Ikalia tena. Kule kwenye malango, askari wa usiku walikuwa wakingoja kubadilishwa, na matajiri walikuwa wameamka. Walinzi walisimama, mikono nyuma, kama wanajeshi kamili. Simu ikalia mara nyingine.

"Kasyoka Mutiso," akasema akitazama ukuta. "Lavington."

Dada yangu hakusogea. "Na mabuti haya?"

"Panda gari."

"Na mabuti haya, afande?"

"Na mabuti hayo!"

"Na sisi wengine?" akauliza Tobias.

"Kila mtu avae yake mpaka nione vile nitafanya! Pandeni!"

Wakapanda. Kasyoka alipopita karibu nami alinifinya sikio mpaka machozi yakanitoka. "Sabuni utapata," akaninong'oneza. "Sukari, hapana." Kisha akaruka nyuma ya lori, akaketi ukingoni, mabuti yake yakining'inia nje mahali kila mtu wa jiji angeyaona.

Lori lilipotoka, tulibaki mimi, Gichuru na marehemu.

"Wewe," akasema, akitoa kalamu mfukoni, "unasoma shule gani?"

Nikasimama wima. Nikamtajia, kwa heshima zote, jina kamili la shule ya jirani zetu, wale wanaotufunga mpira kila muhula, na nikamsaidia kuandika herufi zake vizuri.