Gari Lenye Masikio

"Hili lina klachi," alisema dalali, akilipiga paa gari jekundu kwa kiganja, "na lile lina masikio."

Kobe aliitazama midomo ya dalali, akalitazama gari jeupe lililoegeshwa kando ya jekundu, kisha akamgeukia mkewe kwa uso wa mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Masikio? Alidhani amesikia vibaya tena. Siku hizi alikuwa akisikia vibaya mambo mengi. Hilo hakumwambia mtu, na hata yeye mwenyewe alikuwa hajajiambia sawasawa.

"Masikio, mzee!" Dalali akafungua mlango wa gari jeupe, akainama kwa taabu kwa sababu ya tumbo lake, akaonyesha vibao viwili vyembamba vilivyochomoza nyuma ya usukani, kimoja kulia, kimoja kushoto. "Sisi hapa yadi tunaviita masikio. Hakuna klachi. Ukitaka kupanda gia unavuta sikio la kulia, ukitaka kushuka unavuta la kushoto. Na ukisahau, gari linabadilisha lenyewe."

"Kama mwalimu na mtoto mtundu," alisema mke wa Kobe.

Dalali akacheka. Kobe naye akacheka, nyuma kidogo, kwa kuwa aliona wenzake wanacheka.

"Gari ni klachi," akatamka, amejikweza kidogo. "Gari lisilo na klachi ni kochi."

Hapo alikuwa amesema neno lake la mwisho, au alidhani hivyo. Magari yenyewe yalikuwa mapacha, baba mmoja mama mmoja: ya chini chini, viti viwili tu, yaliyokwisha kupita mikononi mwa watu wawili watatu wenye haraka zao. Mafundi walikuwa wameyakagua yote mawili na hawakuona ila. Kilichobaki ni kuchagua, na kuchagua ndiko kulikomkosesha Kobe usingizi wiki nzima.

Jina la Kobe alipewa kazini. Alikuwa dereva wa rola, lile gurudumu kubwa la chuma linaloshindilia lami barabara inapojengwa, na katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kumpita mtu anayetembea kwa miguu. Alikwenda mbele, akarudi nyuma, akaenda mbele tena. Vizee vyenye mikongojo vilimpita vikamsalimu, vikarudi kutoka sokoni vikamkuta palepale. Lami ilipopoa na vizuizi vikaondolewa, watu wengine ndio waliokimbia juu yake, wakimpigia honi awapishe kwenye barabara aliyoinyoosha kwa mikono yake. Siku moja kigari chekundu cha chini kilipenya kabla ya vizuizi kuondolewa, kikaacha mistari miwili kwenye lami mbichi, kikapotea kwenye kona. Msimamizi alitukana mpaka koo likamkauka. Kobe alikaa juu ya rola lake kimya. Alikuwa amependa.

Sasa amestaafu, kiinua mgongo mkononi, naye ameapa kuuinua mgongo kwelikweli.

Tatizo lilikuwa moja. Injini ya rola ilikuwa imemngurumia masikioni kuanzia ujana hadi mvi, na mwaka baada ya mwaka iliondoka na vitu vingi. Iliondoka na milio ya ndege, na kengele ya mlangoni, na mwisho wa sentensi za watu. Na kila dereva anajua kwamba gari la klachi huendeshwa kwa sikio: injini ikilia, linaomba gia, unalipatia. Kobe alijua pia. Ndiyo maana alilitaka la klachi kwa ukali vile. Kuchukua lenye masikio ilikuwa ni kusimama mbele ya mkewe na kusema, mimi yangu yamekwisha. Akajiambia kuwa hata rola hakuwahi kulisikia kwa masikio, alilisikia kwa makalio, na makalio bado anayo.

"Nalijaribu jekundu," akasema.

Mkewe akaketi kwenye kiti cha plastiki karibu na geti, mkoba mapajani. Dalali akajipenyeza kwenye kiti cha abiria, akafunga mkanda, nao wakatoka.

Gia ya kwanza iliingia vizuri. Kobe alikanyaga mafuta, gari likaruka mbele, akatabasamu meno yote nje. Barabara ilikuwa nyeupe mbele yao. Akakanyaga tena. Injini ikaanza kulia, kwanza kwa adabu, halafu kwa kwikwi, halafu kwa sauti iliyowatoa watu madukani.

"Gari linaomba gia, mzee," alisema dalali.

"Eeh?"

"Linaomba gia!"

"Linaomba njia?"

Kobe akatazama kioo. Alikuwa muungwana barabarani, hilo hakuna anayeweza kumnyima. Akawasha taa ya pembeni, akasogea ukingoni, akasimama, akatoa mkono dirishani na kuupunga: pita, bwana, pita. Nyuma hapakuwa na gari. Baada ya muda akapita muuza mayai kwa baiskeli, amestaajabu, akainua kofia kushukuru.

"Gia! Nimesema gia!" dalali akapaza sauti.

"Si nimempa? Ameshapita!"

Wakarudi yadi kwa gia ileile ya kwanza. Mke wa Kobe hakuhitaji kusimuliwa. Alikuwa amelisikia gari tangu linatoka getini hadi linarudi, likilia kwa sauti moja njia nzima, na jirani wa yadi alikuwa amepanda juu ya ngazi kuangalia nani anachinjwa.

Dalali alitoka ndani ya gari kipande kipande, akijifuta jasho. "Mama," akasema, "mzee wako ana moyo. Lakini kwa heshima zote, achukue lenye masikio. Na safari hii siingii. Mimi nina watoto."

"Nitaingia mimi," akasema mama. Akamkabidhi dalali mkoba wake uwe dhamana, akaingia kwenye gari jeupe kabla mumewe hajapata neno la kupinga.

Gari jeupe liliondoka kama maji. Kobe alivuta sikio la kulia, likapanda. Akavuta tena, likapanda. Kisha akasahau kuvuta, akangoja jambo baya litokee, halikutokea. Gari lilibadilisha lenyewe, kimya, bila hata kumsuta. Akajisikia kama mgeni anayekaribishwa kila kitu na kukatazwa kuosha kikombe.

Mkewe alikuwa amefunga vioo. Akatazama nje upande wake, akaweka kiganja mbele ya mdomo kama anayejikuna pua, akasema kwa sauti yake ya kila siku:

"Baba watoto, wewe ni kiziwi?"

"Ndiyo," akajibu Kobe.

Alijibu kama alivyojibu mambo yote siku hizi. Neno hilo lilikuwa limemfaa sana. Kwa ndiyo yake shemeji yake alihamia chumba cha nyuma na mashine yake ya kusaga, na ukuta wa jikoni ukapakwa rangi ya njano iliyomuumiza macho. Alikuwa anaamka anakuta maisha yake yamebadilishwa, na kila akiuliza, anaambiwa: si ulikubali?

Mkewe akamgusa bega, akamwonyesha ukingo wa barabara. Akasimama. Ndipo akamgeukia, uso kwa uso, akasema polepole, na safari hii Kobe aliona kila neno likitoka midomoni.

"Nimekuuliza kama wewe ni kiziwi. Umesema ndiyo."

Kobe akashika usukani kwa mikono yote miwili, ingawa gari lilikuwa limesimama. Akatafuta uongo, na uongo ukamkimbia.

"Umejua lini?" akauliza.

"Unakumbuka siku niliyokuletea betri za redio?"

Alikumbuka. Betri za redio zilikuwa zinamsumbua sana miaka hiyo, zinaisha nguvu upesi.

"Siku ile nilikuwa nakuacha," akasema mkewe.

Kobe hakusema ndiyo.

"Nilikuwa nimechoka. Nakuambia jambo la moyoni, unatazama ukuta. Nakuuliza, unasema ndiyo, kesho hujui uliloliitikia. Nikasema, huyu mtu hanitaki tena, anaona taabu tu kunifukuza. Nikapanga nguo zangu kwenye begi. Nikasimama mlangoni nyuma yako, nikasema, 'Naondoka, sirudi.' Unajua ulinijibu nini?"

"Nini?"

"Ulisema, 'Ndiyo. Ukirudi niletee betri, hizi zimekufa.'"

Kobe akafumba macho.

"Nikaenda nalia njia nzima. Miguu ikanipeleka dukani, sijui kwa nini. Nikaomba betri. Mwenye duka akatoa zile zako za zamani kwenye mkono wangu, maana nilikuwa nimezibeba bila kujua, akazijaribu kwenye redio yake. Redio ikapiga kelele, watu wote dukani wakaruka. Betri zilikuwa nzima! Nikasimama pale na begi langu, nikalia tena, halafu nikacheka, mpaka akaniuliza kama nimepata msiba."

"Ulirudi na begi," alisema Kobe. "Nilidhani umetoka sokoni."

"Nilirudi na begi, na betri."

Gari jeupe lilikuwa kimya kiasi kwamba yeyote mwenye masikio angeisikia saa ya mkononi ya Kobe. Aliona aibu, na juu ya aibu aliona hofu, hofu ya kitu ambacho kilikwisha kumpita zamani karibu sana na bega lake, naye hakugeuka.

"Kazini walikuwa wanawaondoa wasiosikia," akasema mwisho. "Mtu akiwa nyuma ya rola akapiga kelele, ni lazima umsikie. Nikawa natazama midomo. Natazama nyuma mara mia. Sikumgonga mtu, namshukuru Mungu. Lakini nilizoea kuficha. Nikaja nikakuficha na wewe."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Mimi nimeumbuliwa na muuza mayai."

Mkewe akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa, kisha akamfuta na yeye, kwa nguvu, kama anayefuta sufuria.

"Basi sikiliza, maana sasa nakuangalia. Chukua hili. Lina masikio yake, halihitaji yako. Na tunakwenda kwa daktari, usiniambie habari za betri."

"Kwa daktari nitakwenda," akasema Kobe. Akavuta sikio la kulia la gari, likarudi mahali pake kwa ulaini. Gari lilikuwa zuri, hilo hakulikataa. "Lakini hili silichukui."

"Kwa nini?"

"Masikio ninayo." Akamtazama. "Yamekaa hapo yananisema."

Mama akageuza uso dirishani. Akasema kitu huko huko.

"Ndiyo," akajibu Kobe.

"Umesikia nilichosema?"

"Sikusikia. Lakini ndiyo."

Getini dalali aliwangoja na mkoba wa mama kifuani. Alikuwa ameshaanza kuwaza kwamba amebaki na mkoba na wao wamebaki na gari. Alipoambiwa kuwa wanalichukua jekundu, alimtazama mama kwa huruma ya kweli.

"Mama, umemwambia mzee kuhusu gia?"

"Tumeelewana," akasema mama.

Mapatano yao yalikuwa mafupi. Kiganja chake kitakaa kwenye goti la kushoto la mumewe, goti la klachi. Pigo moja, panda gia. Mapigo mawili, shuka. Dalali aliwasindikiza kwa macho hadi kwenye barabara kuu. Alisikia injini ikianza kulia, akakunja uso, kisha akaisikia ikinyamaza na kuanza upya chini, imetulia. Akatikisa kichwa, akaenda kufunga vioo vya lile jeupe.

Mwanzoni walikosana mara mbili tatu. Mama alipiga pigo moja kwa kushtuka, kuku alipokatiza, na Kobe akapanda gia badala ya kufunga breki. Kuku alipona. Baadaye wakazoeana. Goti, klachi, gia. Goti, klachi, gia. Wakafika kwenye kipande kirefu kilichonyooka, ambacho Kobe alikijua jiwe kwa jiwe kwa sababu alikishindilia mwenyewe, mbele na nyuma, msimu mzima wa jua. Pale palipokuwa na mistari ya kile kigari chekundu paliwahi kuzibwa kiraka, na kiraka bado kilionekana. Akapita juu yake. Alitaka kumwambia mkewe, akaona bora amwambie nyumbani, akiwa anamtazama.

Siku ilikuwa ndefu, jua lilikuwa limepenya kiooni, na mama akasinzia. Mwanamke aliyelala miaka yote kando ya mkoromo wa Kobe haamshwi na injini. Kichwa kikaegemea dirisha, mdomo ukafunguka kidogo, kiganja kikabaki palepale gotini, kizito na cha moto.

Walipoingia mtaani gari lilikuwa gia ya pili. Likaanza kuomba. Likaomba kwa adabu, likaomba kwa kwikwi, likapaza sauti mtaa mzima. Kinyozi akatoka nje na mkasi, mteja wake nyuma, nusu ya kichwa ikiwa bado haijanyolewa. Watoto wakakimbia pembeni wakishangilia. Mtu mmoja aliweka mikono mdomoni akampigia Kobe kelele za neno moja, na Kobe akampungia kwa furaha.

Akatupa jicho gotini. Mkono ulikuwa umetulia, haujasema kitu. Kobe akaendelea kukanyaga mafuta.